Kiporo cha Matajiri

4 Agosti

Mwanangu Mama Zamu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake. Mdogo wako Cheche anachomelea mageti mchana kutwa, na jioni anakula kama aliyeyabeba kichwani. Ananihimiza nikupigie simu. Simu siiwezi, mwanangu. Nusu ya mazungumzo ni "unanisikia?", na nusu iliyobaki ni "nilikuwa nasema". Barua haikatiki.

Bila shaka umesikia kwamba tumepanda daraja. Sisi, tuliokuwa tukicheza na kiwanda cha sabuni na zimamoto, sasa tuko ligi kuu. Maana yake Matajiri watakuja hapa. Matajiri wenyewe, wenye basi la mapazia, niliowasikiliza redioni tangu nikiwa na nywele. Mkataba wangu unaisha msimu ukiisha. Mwenyekiti ameniambia kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayemuaga mgonjwa. Sitaki sherehe wala saa ya ukutani. Nataka kitu kimoja: nikikabidhi funguo za uwanja, niwe nimeiona timu kubwa ikicheza juu ya nyasi nilizozipanda kwa mikono hii. Mara moja tu. Wakitufunga, hayo ni ya kocha.

Ratiba imeshabandikwa ofisini kwa klabu. Nimeisoma nikidhani miwani imeharibika. Mechi yetu na Matajiri imewekwa Jumatano, saa nane mchana. Jumatano! Atakayekuja ni nani, kuku? Watu wako kazini, wanafunzi wako darasani, jua liko utosini. Wenzetu wote wanawapokea Matajiri Jumamosi jioni. Huyo mpanga ratiba wenu tumemkosea nini? Wewe uko ofisi hiyohiyo ya ligi, sijui unaandika-andika nini huko, lakini ukipita mezani kwake mwambie kuna mzee anasema hakulelewa.

Unakuja lini? Ulisema Julai, na Julai imepita hapa bila wewe.

Baba yako,
Mzee Chokaa

*

11 Agosti

Mdogo wangu Cheche,

Hujambo? Hii isome karakanani, usiisome sebuleni.

Mtu ambaye hakulelewa ni mimi. Mpanga ratiba aliyekuwapo alistaafu mwaka jana, nikapewa kiti chake, kalenda zake, na vidonda vyake vya tumbo. Baba anajua niko "ofisini". Aendelee kujua hivyo. Akijua zaidi, klabu nzima itajua kabla chai haijapoa, na kesho yake mwenyekiti wenu atakuwa mlangoni kwangu na tabasamu lake. Na huku wakijua kwamba baba yangu ndiye anayekata nyasi za timu iliyopanda juzi, kila Jumamosi nitakayowapa itaitwa Jumamosi ya undugu.

Ndiyo maana nimewapa Jumatano. Siku mbaya lazima iende kwa mtu. Nikaona iende kwa timu ambayo hakuna atakayesema nimeipendelea. Tatizo ni kwamba timu hiyo ina mzee anayejua kuandika.

Nimemjibu Baba kwamba nitafikisha ujumbe. Sikudanganya. Umefika.

Kuja kwangu ni baada ya mzunguko wa kwanza, ligi ikitulia kidogo.

Dada yako

*

17 Septemba

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa chokaa, mahali pekee katika uwanja huu ambapo hakuna anayenihurumia.

Kwa siku kumi niliufunga uwanja. Kocha akanung'unika, akawafanyisha wachezaji mazoezi kwenye maegesho ya malori, beki mmoja akarudi na grisi mgongoni. Nikakata nyasi mistari kwa mistari, mmoja kwenda, mmoja kurudi, ili mwanga ulale tofauti. Ukisimama jukwaani unaona kitambaa, huoni nyasi. Nikavuta kamba, nikapiga chokaa. Jumanne jioni nimesimama kwenye duara la kati, najisifu kimoyomoyo, mara katibu wa klabu anakuja anatembea polepole. Katibu hatembei polepole ila akiwa amebeba msiba.

Mechi imeahirishwa. Timu ya taifa ina mchezo ugenini, na imewachukua Matajiri watano. Watano! Sisi tukiumwa watano tunaambiwa tuchezeshe dereva. Na barua yao inamalizia hivi: "Tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Wowote! Kana kwamba wanabahatisha, labda upo, labda haupo.

Usiku huo mvua ikanyesha, chokaa yote ikashuka mtaroni. Kwa siku mbili mtaro ulikuwa na mistari mizuri sana.

Mwulize mpanga ratiba: huko alikotoka, watu wakishaandaa chakula, mgeni huwa anaahirishwa?

Na mzunguko wa kwanza unaisha lini?

Baba yako

*

26 Septemba

Shikamoo Baba,

Pole sana kwa chokaa. Nimesoma barua yako mara nyingi, na siyo kwa kufurahi.

Usimkasirikie sana mpanga ratiba. Nijuavyo mimi, kanuni ni kwamba timu ikitoa wachezaji zaidi ya watatu kwa taifa, ina haki ya kuomba mechi isogezwe, na wakiomba, hana ujanja. Huwa anaandika tarehe kwa penseli, kocha wa taifa anatangaza kikosi, anafuta. Watu wa kombe wanaleta tarehe zao, anafuta tena. Nasikia karatasi yake ya ukutani imechakaa mpaka inaonyesha rangi ya ukuta. Mechi hiyo sasa ni kiporo, itapangiwa siku Desemba.

Safari yangu imesogea kidogo, kuna droo ya kombe na watu wamepungua ofisini. Naomba radhi kwa usumbufu.

Binti yako

*

30 Septemba

Dada, shikamoo.

Umemwandikia Baba "naomba radhi kwa usumbufu". Alinisomea kwa sauti, akarudia neno la mwisho, akaenda kumwagilia nyasi wakati mvua inanyesha.

Mimi sisemi kitu. Mimi ni fundi wa vyuma. Lakini chuma nacho kikipashwa na kupoozwa, kikapashwa na kupoozwa, kuna siku kinapasuka ukiwa umekishika.

Pia, unamjua mpanga ratiba vizuri mno kwa mtu anayepita tu mezani kwake. Penseli? Rangi ya ukuta? Jirekebishe.

Cheche

*

14 Desemba

Mwanangu Mama Zamu,

Kiporo kikilala siku moja ni kitamu kuliko chakula kilichoiva leo. Siku mbili, kinavumilika. Hiki chetu sasa kimeota manyoya.

Nilifunga uwanja tena. Kocha safari hii hakunung'unika, aliacha kunisalimu kabisa. Nikang'oa magugu kwa kisu cha mezani, nikapaka milingoti rangi, nikaziba lile shimo la kona ulilokuwa unafichia viatu vya Cheche mkiwa wadogo. Mwenyekiti akaleta viti vya plastiki kwa wageni rasmi. Siku mbili kabla ya mechi, habari ikaja: Matajiri wamefuzu hatua inayofuata ya kombe la bara, watasafiri, wanahitaji kupumzika. Kupumzika! Mimi sijafuzu chochote, lakini nani aliniuliza kama nimepumzika?

Mashabiki wameanza kunitania. Muuza magazeti ananiita "Bwana Harusi". Kila siku anauliza: "Bibi arusi kafika wapi?" Jana nilimjibu yuko kombe la bara. Akacheka mpaka magazeti yakamwanguka. Sikumsaidia kuokota.

Nikupe la kumwambia mpanga ratiba, na umfikishie kama lilivyo. Mtu akiwa na haki ya kugawa, kisha akampunja wa kwake ili asisemwe, huyo hajatenda haki. Ameogopa tu, ila ameogopa kwa adabu. Wa kwako naye ni mtu. Naye anapanga foleni.

Hayo ni ya mpanga ratiba. Yako wewe ni haya: Cheche alichinja kuku wa kukupokea mwezi uliopita. Tulimla wawili.

Baba yako

*

20 Desemba

Cheche,

Anajua? Nijibu haraka. "Kumpunja wa kwake": kwa nini aandike hivyo? Umemwambia?

Nimepanga kiporo Machi, Jumamosi, saa kumi jioni. Nilikaa na penseli nusu siku kabla ya kuandika neno "Jumamosi". Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa.

Dada

*

28 Desemba

Dada,

Sijamwambia. Kwanza nakuogopa, pili namwogopa yeye, tatu sina muda.

Alipoona "Jumamosi, saa kumi" ubaoni alisimama pale mpaka katibu akamletea kiti. Halafu akasema, "Haya." Hilo tu. Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Cheche

*

2 Machi

Dada,

Mambo yameharibika. Matajiri wameandika barua ofisini kwenu, na nakala imefika hapa. Wanaomba mechi ichezwe uwanja mkubwa, kwao, "kwa manufaa ya watazamaji". Wanasema jukwaa letu ni dogo, basi lao haligeuki barabarani, na nyasi hazijulikani ubora wake. Hazijulikani! Mwenyekiti anataka kukubali, amesikia atapewa viti vya mbele.

Baba amesoma nakala, akaikunja, akaingia stoo, akaifunga mashine ya kukatia nyasi kwa mnyororo. Tena mnyororo niliomchomelea mimi. Anasema hakati tena. Nyasi zimefika kifundoni. Mkaguzi wa viwanja anakuja wiki ijayo. Akizikuta hivi ataufungia uwanja, na Matajiri watapata walichotaka bila hata kuomba. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Afungie. Nimechoka kumtandikia mgeni asiyekuja."

Sijui alikuwa anamsema nani, Dada. Alikuwa anatazama njia ya kituo cha basi.

Cheche

*

5 Machi

Mdogo wangu,

Sikiliza vizuri. Ombi la Matajiri liko mbele yangu, na limekuja na simu. Bosi wangu kasema "liangalie kwa jicho la ukubwa wa ligi", maana yake likubali. Na unajua nilichofanya? Nilichukua kalamu nikubali. Nilishaandika herufi mbili za jina langu. Nikajiambia: nikikataa, siku watakayojua mimi ni binti wa nani, itasemwa nimembeba baba yangu.

Halafu nikajiuliza: ingekuwa timu ya baba wa mtu mwingine, ningefanya nini? Jibu lilikuja upesi mpaka likaniaibisha. Ningekataa. Kanuni ni nyepesi: mechi haihamishwi bila wenyeji kuridhia kwa maandishi, na wenyeji walioridhia kwa maneno matupu hawajaridhia. Timu nyingine nne ndogo zimeombwa hivyohivyo msimu huu, na zote niliwakatalia Matajiri bila kupepesa. Ya kwetu ndiyo niliyotaka kuiachia.

Nimekataa. Bosi amekasirika, na nimeambiwa kiti changu kitajadiliwa msimu ukiisha. Nimemwambia yote, hata baba yangu anafanya kazi gani. Akasema, "Kwa hiyo ile Jumatano ilikuwa ya nini?"

Mwambie Baba akate nyasi. Mechi ni Jumamosi ya tarehe 20, saa kumi, uwanja wake. Usiseme mimi nimesema. Sema ofisi imesema.

Mimi siwezi kuwapo. Siku za mechi lazima niwe kwenye simu napokea matokeo; mwenyeji asipopiga simu, mchezo hautambuliwi.

Dada

*

9 Machi

Dada,

Nilimwambia, "Ofisi imesema mechi ni hapa." Akaniuliza, "Ofisi ipi?" Nikasema, "Ya ratiba." Akaniuliza, "Imesemaje, kwa sauti gani?" Nikasema sijui, ni ofisi.

Akatoa ufunguo wa mnyororo mfukoni. Alikuwa anatembea nao muda wote. Nyasi zilikuwa ndefu, mashine ikazima mara tatu, akamalizia upande wa kaskazini kwa panga, goti na yote. Mkaguzi alipofika alikuta kitambaa. Alivua viatu kabla ya kuingia. Hakuna aliyemwambia avue.

Cheche

*

22 Machi

Mwanangu Mama Zamu,

Walikuja.

Nianze na basi: ni kweli haligeuki barabarani. Walishuka wakatembea, mabegi mgongoni, kama watu wengine. Nilikuwa getini na funguo. Nikawahesabu sura, nikitafuta zile za kwenye magazeti. Hakuna hata moja. Wametuletea kikosi cha pili! Vijana wa akiba, mmoja bado ana chunusi. Wakubwa wamebaki kwao, wanapumzikia fainali ya kombe. Msimu mzima nimemngoja simba, kaja mtoto wa paka.

Nilitaka kukasirika, na nilikasirika, mpaka mpira ulipoanza. Kijana mwenye chunusi akapokea pasi pembeni, akautuliza mpira, ukatulia. Haukuruka. Haukugonga kitu ukahamaki. Ulitembea juu ya nyasi kama umetumwa. Akageuka kumtazama mwenzake, akapiga mguu chini mara mbili, hivi, kama mtu anayejaribu godoro. Nikaona midomo yake: "Aisee." Hilo lilinitosha. Hayo mengine ni ya kocha.

Walitufunga mbili kwa moja. Goli letu lilitokana na beki wao kuteleza karibu na eneo la penalti la kusini. Asubuhi nilikuwa nimemwagilia pale. Pale tu. Usiniulize, wewe ni mtu wa ofisi.

Na nyasi zangu wamezichana! Lango la kaskazini limechimbuka kama shamba la viazi. Katibu aliniona nimesimama pale akadhani nalia, akaanza kunifariji. Nilikuwa natazama tu. Miaka yote nimezikata ili zije zichanwe na watu wanaojua kukimbia, na siku hiyo ndiyo ilikuwa hiyo.

Sasa sikia jambo la ajabu. Katibu alikuwa ameshangilia lile goli mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa anafungua mdomo inatoka pumzi tu. Na ofisi yenu inataka matokeo kwa simu. Mwenyekiti alikuwa ameshaondoka na wageni rasmi na viti vyake. Kwa hiyo nikapiga mimi. Mimi, na simu! Ikalia, ikapokelewa, sauti ya mwanamke ikasema, "Ofisi ya ratiba."

Nikasema, "Wenyeji moja, wageni mbili."

Ikanyamaza. Nikadhani imekatika, nilitaka kusema "unanisikia?" nikajizuia. Halafu ikauliza, "Na hali ya uwanja?" Nikasema, "Uwanja ulikuwa mzuri." Ikauliza, "Na mtunza uwanja?" Hilo halimo katika mambo mnayouliza, katibu ameniapia halimo. Nikasema, "Goti linamsumbua, lakini yupo." Ikasema, "Imepokelewa," na mwisho wa neno hilo ukapasuka kidogo.

Mama mzuri, huyo mpanga ratiba. Namwondolea yale niliyosema. Siyo yote.

Nilimjua tangu Agosti, nilipoona ile Jumatano. Nikajisemea, huyu mtu nimewahi kumlea mmoja wa aina yake. Alikuwa anapanga zamu za kuosha vyombo hapa nyumbani, na kila siku ya masufuria makubwa, zamu ilikuwa yake mwenyewe, ili Cheche asiseme ameonewa. Ndiyo tukamwita Mama Zamu. Nilikuwa namwambia, mwanangu, siku moja moja na wewe jipe ya vikombe. Alikuwa haelewi. Baba hawezi kumpigia mwanawe magoti kwa barua, haipendezi. Lakini ofisi, mwanangu, mtu anaruhusiwa kuitukana.

Cheche ameniambia kiti cha huyo mama kina maneno. Wakimtoa, wamtoe. Hapa kuna uwanja hauna mtu wa kupanga nani afanye mazoezi lini, na kocha na mimi hatusalimiani.

Funguo nakabidhi msimu ukiisha, Mei. Kabla ya hapo nimepanga mchezo mmoja. Wenyeji ni mimi na Cheche. Mgeni ni wewe. Siku ni Jumapili ya kwanza ya Aprili, nimetazama, taifa halichezi na kombe halipo. Uwanja ni sebuleni, hakuna uwanja mbadala. Mchezo huu hauahirishwi, na mgeni asipotokea, pointi tatu ni za mwenyeji, na kuku pia.

Na huyo mpanga ratiba, njoo naye. Mwambie siku hiyo zamu yake ni ya vikombe.

Baba yako,
Mzee Chokaa